Fundi aliyeamini kuwa kengele haikulia

Saa mbili asubuhi. Fundi amepiga magoti kando ya kitanda namba tisa, bisibisi mdomoni, anafungua kitufe cha kumwita muuguzi. Wagonjwa humwita Mama Kengele.

"Nimezaa watatu, hakuna anayeitwa Kengele," anasema, akicheka.

Vitufe sitini na vinne vya hospitali hii viko chini yake. Kila kimoja kimeungwa kwa waya kwenye pini, yaani ncha ya chuma ya kupokea waya, ya kompyuta ndogo ya ukutani. Kikibonyezwa, umeme kwenye pini hubadilika, na programu hupiga kengele mezani kwa wauguzi.

Miezi mitatu iliyopita, bibi mmoja aliyepooza upande mmoja alibonyeza, akangoja, hakuja mtu. Akajaribu kushuka mwenyewe. Alianguka, akavunjika mkono. Muuguzi wa zamu akapewa barua ya onyo.

"Nilisema kengele haikulia, wakaniona mzembe," anasimulia muuguzi huyo. "Fundi peke yake ndiye aliyeniamini."

Lakini fundi alipobonyeza mara ishirini, akishikilia kitufe kila mara, kengele ililia mara ishirini. Mkuu wake akamwambia aache kutafuta mchawi. Kesho yake akamwendea bibi.

"Bibi, hebu nionyeshe ulivyobonyeza."

Bibi akagusa kidogo tu, kidole kikateleza. Kengele haikulia. Katika mara kumi, kengele ililia tatu.

Programu, kumbe, ilikuwa ikichungulia pini kila baada ya sekunde mbili. Mguso wa mkono dhaifu ulikuja na kuondoka hapo katikati, bila kuonekana.

"Nilikaa chini nikalia," anakiri fundi. "Programu ile niliiweka mimi."

Aliiandika upya kwa siku kumi na moja. Sasa haichungulii, imelala. Kiini cha mfumo endeshi wa kompyuta hiyo, ambacho ndicho kinachoshika vifaa vyenyewe, huiamsha mara tu pini inapobadilika, hata kwa muda wa kufumba na kufumbua.

Bibi alijaribu tena: kumi kwa kumi. Barua ya onyo ikafutwa.

"Mkono haujanyooka sawasawa, mwanangu," bibi alimwambia siku ya kuruhusiwa. "Ila angalau sasa wanajua sikuota."

Wodi mbili bado zina programu ya zamani, na fundi ameshaomba ruhusa ya kuziwekea mpya, moja baada ya nyingine.

"Jumatatu naanza na ya wazazi," anasema, akifuta vumbi magotini. "Kule mtu akibonyeza mara moja, huenda asiweze kubonyeza tena."