Gesi Haina Moshi

Mwalimu Ernestina ana hasira za karibu. Aliletwa huku kwetu mlimani Gitting na barua ya ajira akitokea Kigoma, na kwa miaka sita ya kufundisha kemia amegombana na kila mkubwa wa shule yetu. Mimi, mwalimu mwenzake, nilimwona mkorofi tu, mpaka siku ya kikao cha Mama Fransiska.

Mama Fransiska ndiye mpishi wetu. Gesi ilipoletwa jikoni mwaka jana, Mkuu wa Shule alisema gesi haina moshi, madirisha ya nini? Akaamuru yapigiliwe mbao, upepo wa mlima usizime moto. Tangu hapo mama wa watu akawa anaumwa kichwa, anayumba, mara mbili akaanguka. Mkuu akasema ni pombe. Mwanakwaya wa kigango, asiyeonja hata togwa. Nilikasirika, nikanyamaza. Barua ya kumfukuza ilikuwa mezani, imebaki sahihi tu.

Asubuhi ile Ernestina alikuwa ameingia jikoni kwa mara ya kwanza tangu gesi ije, akakuta mwali wa njano na masizi. Alifika kikaoni na sufuria yenye kitako cheusi tii, akaibwaga juu ya barua, hakusalimia mtu. Kwa propani mbili, ndiyo gesi yetu hii, alisema, moto unataka oksijeni kumi. Ukiziba jiko, ukaupa saba tu, unapata hii, akaandika ubaoni:

2C₃H₈ + 7O₂ → 6CO + 8H₂O

Akahesabu kila upande: kaboni sita, hidrojeni kumi na sita, oksijeni kumi na nne. Zile CO sita ni hewa ya sumu, hazionekani wala hazinuki, na ndizo zinazomwangusha mama huyu. Mkuu akajibu kwamba hayo ni ya darasani.

"Basi kapike wewe maharage, Mkuu, mlango umefungwa. Ukitoka umesimama, nifukuze mimi."

Mkuu aliichana barua bila hata kuomba radhi. Mbao ziling'olewa mchana uleule.

Mama Fransiska, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, aliutazama ubao. Akauliza kama hesabu ile ni mpya.

"Hapana, mama. Naifundisha kila mwaka."

"Kila mwaka," alisema. "Na mimi kila siku nawaletea chai, nawaambia kichwa kinauma."

Ernestina alikosa wa kumfokea. Chai ile tulikuwa tunainywa sote.