Utomvu wa Mstari wa Nane

"Mimina tu, bana. Nani atajua?" Binamu yangu Simiyu aliponinong'onezea maneno hayo, nilipaswa kukataa. Badala yake nilishika kikombe kilichojaa utomvu wa paini, nikaangalia nyuma, nikamimina. Mpaka leo, harufu ile kali ikinipata mahali popote, viganja vyangu huhisi kunata.

Nilikuwa darasa la sita. Baba alifanya kazi katika shamba la majaribio ya paini nje ya Kitale, ambako kila mstari ulikuwa watoto wa mti mmoja. Mstari wa nane ulikuwa wa baba: mbegu zake alizifuata mwenyewe kwa miguu, upande wa Suam, kwenye mti uliopinda ambao wenzake waliucheka. Msimu huo magome yalikwanguliwa kwa mara ya kwanza, vikombe vikatundikwa. Mstari utakaotoa utomvu mwingi zaidi ungeachwa uzae mbegu, mingine ingekatwa.

Likizo ile ilikuwa tamu ajabu! Simiyu alikuja kutoka Bungoma, nasi watoto tukagawana mistari kama timu za mpira. Dada yangu Nekesa alichukua wa nane. Mimi nikachukua wa tatu, wenye miti minene iliyonyooka. Kila asubuhi tulikimbia kwenye umande, miguu ikilowa, tukichungulia vikombe na kupiga kelele hadi ndege wakaruka. Vya Nekesa vilifurika. Vyangu vilikuwa na matone tu.

"Ati miti minene!" Nekesa alinicheka. "Si imefanana nawe? Mwili tu, ndani hakuna kitu!"

Asubuhi ya kupima, tukiwa wawili tu shambani, Simiyu akanishawishi. Tulihamisha utomvu wa mstari wa nane hadi wa tatu, kikombe baada ya kikombe, tukijizuia kucheka hadi mbavu zikauma. Nilijua mstari utakaoshindwa ungekatwa. Nilichotaka ni kumnyamazisha Nekesa. Wa tatu ukashinda, nami nikarukaruka kama ndama.

Wiki iliyofuata msumeno ulifika mstari wa nane. Nekesa alilia. Baba alivua kofia, akamwambia, "Nyamaza, mama. Ni mimi niliona vibaya." Hakuchagua mti tena maisha yake yote.

Sasa mimi ni mzee, na nina miti yangu ya paini Kiminini, uzao wa mstari wa tatu. Ni minene, imenyooka, na wajukuu wakiikwangua haitoi kitu. Mti mama wa Suam uligeuzwa mbao zamani. Uamuzi ule ulinigharimu ukoo wa miti usiopatikana tena, na ulimgharimu baba imani katika macho yake. Alizeeka karibu nami, akafa akiamini alikosea. Sikumwambia.