Tuliambiwa Umepona

Jentrix Nangila alikuwa amechoka kufunguliwa blauzi. Kila daktari aliyemwona mjini Kitale alitaka kwanza kukibonyeza kile kifaa kilichokaa chini ya ngozi ya kifua chake, kama mtu anayechagua parachichi sokoni. Wakishabonyeza, wanaguna. Wakishaguna, wanamwandikia vidonge vilevile alivyovimeza tangu akiwa msichana wa shule.

Na kifaa chenyewe si muujiza. Jentrix ana kifafa kisichosikia dawa. Kule India walimpasua, wakamwekea kibetri, wakapitisha waya hadi kwenye neva ya vagasi shingoni, ile inayopanda kwenye ubongo. Umeme mdogo ukipita humo mara kwa mara, kuanguka hupungua. Lakini walimfungulia kidogo tu, wakasema mtaalamu wa huku nyumbani atauongeza polepole mpaka umtoshe. Mtaalamu huyo ndiye ambaye hakuonekana. Miezi ikapita, Jentrix akaendelea kuanguka. Mara ya mwisho alikuwa akishona sketi za shule kibandani alikoajiriwa, sindano ya cherehani ikatoboa ukucha ikatokea upande wa pili. Mwenye kibanda alimwambia, kwa upole unaoudhi kuliko matusi, kwamba akianguka tena atafute kazi isiyo na mashine.

Kitale wakamtuma Bungoma. Bungoma wakataka kumrudisha Kitale. Hapo Jentrix akaketi kwenye benchi la wagonjwa akasema haondoki, wamwite askari wakitaka. Nesi mmoja, Everlyne, ndiye aliyechukua simu akapiga huku na huku, hadi akapata kliniki moja Eldoret ambako daktari wa vifaa hivyo huja Jumamosi moja kwa mwezi. Akampa Jentrix simu aseme mwenyewe. Msichana wa mapokezi aliposikia jina, akapekua daftari lake.

"Lakini wewe tulikutafuta," akasema. "Barua yako ilikuja kutoka India. Tukapiga namba ilikuwa hapo, mzee mmoja akatuambia ati umepona, tusikusumbue."

Mzee mmoja! Jentrix hakuwa na haja ya kuuliza ni nani. Namba ilikuwa ya kaka yake Wamalwa, afisa wa serikali hapo Bungoma, mwenyekiti wa harambee iliyompeleka India, bwana mkubwa aliyezichukua karatasi zake zote siku waliyorudi, ati zisipotee. Hasira zilimpanda mpaka masikio yakawaka moto. Akapanda bodaboda hadi nyumbani kwa Wamalwa.

Alikuta ng'ombe amefungwa nyuma ya jikoni na viti vya plastiki vimepangwa hadi langoni. Yalikuwa maandalizi ya sherehe ya kushukuru kwa kupona kwake, iliyopangwa Jumamosi ileile ambayo daktari angekuja Eldoret. Wamalwa hakukana lolote. Alisema watu walikuwa wakimuuliza kila siku kama dada yake amepona, naye angewaambia nini, kwamba michango yao imeingia kwenye kitu kisichofanya kazi?

"Inafanya kazi," Jentrix akasema. "Inangoja daktari. Na daktari alipiga simu, wewe ukamfukuza."

"Si utaenda mwezi ujao, bana. Jumamosi unasimama tu kidogo, unasema asante. Watu wametoa jasho yao juu yako."

"Na nikianguka hapo mbele yao?"

Wamalwa akafikiri. Kweli kabisa, alikaa akalifikiria jambo hilo, na hapo ndipo Jentrix alipotamani kumrushia kiti. Kisha akasema hakuna shida, watamketisha karibu na mlango wa nyumba, katikati ya akina mama wawili wenye nguvu, wamwingize ndani upesi kabla wageni hawajaona.

Jentrix aliingia sebuleni, akafungua kabati, akatoa karatasi zake na kuondoka nazo.

Jumamosi alikuwa Eldoret. Daktari, mama mmoja mpole aitwaye Gladwell, alimwekea kitu bapa juu ya kifua na kugusagusa kioo cha kompyuta. Alimwonya kwamba umeme ukipita, sauti itabadilika kwa muda. Jentrix akasikia koo likibana, akakohoa. Simu ikalia mkobani.

"Uko wapi?" Wamalwa aliuliza kwa kunong'ona. Nyuma yake kwaya ilikuwa ikiimba. "Pasta amefika. Watu wote wamefika."

"Niko kwa daktari." Sauti ilitoka nzito, ikikwaruza.

"Wewe ni nani? Nipatie Jentrix."

"Ni mimi. Waambie sijapona. Ukishindwa, weka simu kwa maiki niwaambie mwenyewe."

Wamalwa akakata. Jentrix akamwomba daktari asubiri kidogo, akatafuta namba ya pasta, akapiga.