Maabara ya Televisheni

Maabara yetu pale Kibiti ilikuwa na meza ndefu za saruji, mabomba yasiyotoa maji na kabati la chupa tupu. Kwa hiyo mwalimu wa kemia alipoingia na televisheni, deki ya video na jenereta ya kuazima kwa Mhindi mwenye duka, Kidato cha Tatu kizima tulipiga makofi.

"Kuanzia leo," alisema, "mtaona majaribio kama wanavyoyaona Ulaya."

Muhula mzima tulisoma hivyo, na tulipenda. Hakuna aliyeungua kidole, hakuna aliyevunja kitu. Wavulana walisema hata wakiletewa asidi ya kweli hawaitaki.

Mimi pia nilipenda, ila televisheni yenyewe ilikuwa ya nyeusi na nyeupe. Mzungu wa kwenye kanda alidondosha asidi kutoka kwenye bureti, mrija mrefu wa kioo wenye koki, tone kwa tone ndani ya chupa, na mwalimu kasimama pembeni anatutajia: "Hapa bado njano. Bado... Sasa! Rangi ya chungwa. Funga bureti." Mimi niliona kijivu, kisha kijivu.

"Chungwa la wapi, mwalimu?" mvulana mmoja akauliza. "Maana la Umwe hata likiiva ni kijani."

Tulicheka mpaka jenereta haisikiki. Mwalimu akakasirika. "Nani mwingine ana swali la kipuuzi?"

Swali langu lilikuwa lile lile, bila utani. Sikunyoosha mkono. Mimi hata ruhusa ya kwenda chooni nangoja mwenzangu aombe kwanza.

Kemia niliitaka kwa ajili ya uuguzi. Mama alikufa akiwa na uchungu wa kuzaa, ndani ya mtumbwi, akitolewa kijijini kwetu Salale kupelekwa hospitali. Waliokuwa naye humo hakuna aliyejua la kufanya.

Mwisho wa muhula dawa za kweli zikapatikana, kidogo, za mtihani tu. Atakayeshindwa anahamia masomo ya sanaa. Nilifungua bureti. Njano. Nikangoja chungwa nililojijengea kichwani, zito, lililoiva. Ikabadilika kidogo, nikasema bado. Nikaongeza. Ikawa nyekundu.

Mwalimu akaiinua chupa, akaitikisa. "Umepitiliza, binti. Mbali." Dawa ya kurudia haikuwepo.

Ijumaa ile baba alikuja Kibiti, kwa shangazi ninakokaa. Nilimwambia tukiwa uani, macho yangu miguuni pake.

"Hukusoma?"

"Nilisoma, baba."

"Sasa hiyo rangi wanayoitaka ikoje?"

"Nimeiona baadaye, kwenye chupa ya mwenzangu. Nyepesi. Ukipepesa macho imekupita."

"Na kabla ya hapo hawakukuonyesha?"

"Walituonyesha."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayeelekezwa njia asiyoijua. Kisha akaomba maji ya kutawadha.