Ng'ombe Aliyekwenda kwa Kukhu

Harufu ya molasi hunifikia kabla sijafungua mlango wa zizi. Pipa lenyewe liko nyuma ya nyumba yangu hapa Lurambi, limefunikwa kwa bati na jiwe juu, lakini molasi haikubali kufunikwa. Ni harufu tamu yenye uchachu ndani yake, kama sukari iliyoungua ikasahauliwa jikoni. Kila alfajiri naichanganya molasi na maji, nainyunyiza juu ya majani ya nepia niliyowakatiakatia ng'ombe wangu, huku kiuno kikinilalamikia. "Ng'ombe hajui Krismasi," mama alizoea kusema. Nami naongeza kwamba hajui homa wala Jumapili, na hajui kuwa jana ulilala umechoka na leo umeamka umechoka zaidi. Basi nasimama pale na ndoo mkononi, na harufu hiyo inanirudisha Kabras, kwenye mashamba ya miwa, mwaka ule baba alipofariki.

Usidhani tulikuwa na mifugo mingi. Tulikuwa na ng'ombe mmoja wa gredi, wa kisasa wa maziwa, mweusi mwenye mabaka meupe, tukimwita Sista, kwa sababu kichwa chake cheusi chenye utepe mweupe kwenye paji la uso kilitukumbusha mtawa aliyetufundisha katekisimu. Mama alilikataza jina hilo mpaka siku alipojisahau akaliita mwenyewe.

Baba aliendesha trekta la kubeba miwa. Pande zote jirani zetu walikuwa na miwa hadi mlangoni, na sisi vilevile, mpaka baba aliponunua ndama yule na mama akamshawishi wang'oe visiki vya miwa nyuma ya nyumba wapande nepia. Watu walicheka. Miwa ni mali, walisema, majani ni ya mbuzi. Lakini miwa yao ilikaa shambani hadi ikachanua ikingoja kukatwa, na Sista alitupa maziwa asubuhi na jioni. Tulikunywa chai nyeupe, na karo yetu ilitoka kwenye ndoo.

Baba alianza kukohoa wakati wa masika. Akalazwa, akaruhusiwa, akalazwa tena, na mara ya mwisho akarudi nyumbani ndani ya jeneza.

Ninachokikumbuka zaidi siku ile ni mlio wa Sista, kuliko hata vilio vya watu. Ua ulikuwa umejaa, wanawake wakiomboleza mikono kichwani, na katikati ya vilio hivyo yeye akawa analia kwa sauti nzito isiyokatika. Hakuna aliyekuwa amemkamua. Kiwele kilikuwa kimejaa hadi maziwa yanadondoka chini yenyewe. Mama akajitoa mikononi mwa wanawake waliomshika, akajifunga leso kiunoni, akaenda kumkamua. Nilisikia mtu akinong'ona, "Mjane gani huyu?"

Alipotoka na ndoo, baba mkubwa Lusweti, kaka yake baba, alikuwa amesimama mbele ya wazee. Alikuwa mtu wa kimo kirefu na sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto.

"Mwanaume hazikwangi na maharagwe," alisema. "Ng'ombe iko hapa. Kesho itachinjwa, watu wakule."

"Shemeji," mama akasema polepole, "hiyo ndiyo itasomesha hawa watoto."

"Watoto ni wa ukoo, Mama Nafula. Na ng'ombe pia ni ya ukoo."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Mimi, Nafula mwenyewe, nilikuwa nimeshika sketi ya mama.

Ndipo Kukhu, mama yake baba, alipoinuka kutoka kwenye mkeka kando ya jeneza. Alikuwa kikongwe mdogo, mkavu, asiyependa maneno mengi. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye nguzo ya zizi, akaanza kufungua kamba.

"Hii ng'ombe haichinjwi," alisema bila kugeuka. "Ni yangu. Ndugu yako alinipea kabla alazwe."

"Mama, hayo mimi sijasikia."

"Ungesikia wapi? Ulikuja hospitali lini?"

Mtu mmoja akakohoa kuficha kicheko.

"Kama unataka nyama," Kukhu akaendelea, "si uko na fahali kwako? Lete. Huyu alikuwa ndugu yako."

Nani angeanza kubishana na mama mzazi, mbele ya jeneza la mwanawe? Lakini mama yangu alibishana. Alitupa ndoo chini, maziwa yakamwagika hadi miguuni mwa wazee, akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia tena kutoka kwake.

"Mama! Badala ya kulia mtoto yako unakuja kuniibia mimi? Mchawi! Umezidi hata kifo!"

Kukhu alimvuta Sista, akapita naye katikati ya waombolezaji, akashuka njia ya kijito kuelekea kwake. Nilimkimbilia nikaushika mkia wa ng'ombe, nikauvuta kwa nguvu zangu zote, hadi Sista akanikokota kwenye matope. Kukhu hakunitazama.

Fahali wa Lusweti alichinjwa kesho yake. Mwenyewe alikula kwa uso wa mtu anayemeza dawa.

Tangu siku ile Kukhu akawa jina la kusemwa. Yule aliyemnyima mwanawe ng'ombe. Yule aliyehesabu mali maiti ikiwa ndani. Kanisani benchi lake lilibaki na nafasi pande zote mbili, na kisimani wanawake walinyamaza akifika. Mama naye akawa kibarua wake. Kila asubuhi alivuka kijito kwenda kumkamua Sista, akarudi na maziwa aliyosema ni ujira wake. Karo yetu iliendelea kulipwa, nami sikujiuliza kwa vipi. Mtoto hujua kumchukia mtu, hajui hesabu. Nilipokutana na Kukhu njiani nilitazama miguu yangu. Mara moja tu alinisimamisha. "Nafula," akasema, "nikatae mimi. Maziwa usikatae."

Sista alipozaa ndama jike, Kukhu alimwita Lusweti awe shahidi, akatangaza kuwa amechoka kudaiwa ujira zaidi na mkamuaji wake, basi mama achukue ndama yule, yaishe. Lusweti alicheka, akisema mama yake kizee amezidiwa ujanja. Kwa ndama huyo ndiko walikotoka ng'ombe wetu wote, hata hawa walio zizini kwangu leo. Kukhu alifariki nikiwa sekondari, na waliokuja kumzika walikuwa wachache. Mama alilia hadi akaishiwa nguvu. Nilidhani anafuata desturi.

Mwaka jana mama alikuja kukaa nami. Vidole vyake vimekakamaa, hawezi tena kukamua, lakini hupenda kuketi kwenye kigoda zizini akinitazama. Asubuhi moja, kwa uchovu tu, nikasema kuwa Kukhu asingetunyang'anya Sista huenda nisingekuwa nimeinama namna hii katika umri huu.

Mama aligeuka kwenye kigoda chake.

"Nani alikuambia alitunyang'anya?"

Akaniambia. Jeneza lilikuwa bado halijafika Kukhu alipomvuta mama nyuma ya jikoni. Alimjua mwanawe Lusweti. Alijua kuwa hata ng'ombe akinusurika kisu, baada ya matanga angehamishiwa kwa Lusweti kwa jina la ukoo. "Nitasema ni yangu," Kukhu alimwambia. "Na wewe unitusi. Unitusi vizuri, maana Lusweti si mjinga."

"Nikamwambia, Mama, mimi siwezi kukutusi na mtoto yako hajazikwa," mama alisema. "Akaniambia, utaweza. Fikiria watoto."

Niliacha kukamua. Nikamuuliza kwa nini hawakutuambia hata tulipokuwa wakubwa.

"Lusweti alikuwa hai. Na watoto husema." Alitazama mikono yake. "Halafu tulizoea. Pale zizini kwake asubuhi ndiyo saa yetu ilikuwa. Mimi nakamua, yeye ameshika kamba, tunamlilia baba yako wote wawili. Nje hatungeweza. Nje tulikuwa maadui."

Sasa mimi mwenyewe ni mama wa wavulana. Werevu wa Kukhu nimeuelewa upesi, kwani werevu hueleweka. Kilichonichukua miaka yote hii kukiona ni jambo jingine dogo. Wakati wazee wakigombea ng'ombe, wakati mama akipiga kelele nami nikikokotwa matopeni, yeye ndiye aliyekuwa amefiwa na mtoto. Aliinuka mkekani kwa mwanawe mapema kuliko alivyostahili, akachukua kamba, akaondoka na chuki yetu sote. Na katika ua ule mzima uliojaa watu, hakuna hata mmoja aliyemwambia pole.