Chokoleti Niliyoikalia Ukweni

Mkasa huu nausimulia mwenyewe kwa sababu ukiwaachia watu wa Maganzo wanaongeza chumvi, wanasema nililia na kwamba pikipiki ilibidi ioshwe kwa sabuni, na yote mawili ni uongo (pikipiki ilifutwa tu na kitambaa). Aibu niliipata, hiyo sikatai. Niliipata mchana kweupe, mbele ya mzee niliyekwenda kumwomba binti yake, na iliyonipatia ni chokoleti.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, natengeneza mageti na machekeche ya wachimbaji. Chokoleti nilizoeshwa na rafiki yangu mmoja anayepika kwenye kambi ya wachimbaji kule Bugarama, alinipa kipande cha ile nyeusi, chungu, siyo ile ya maziwa wanayopewa watoto, nikakiweka ulimini nikaona kama nimelamba masizi, halafu kikaanza kuyeyuka chenyewe taratibu, utamu ukaja kwa nyuma, na siku ile nilimaliza geti zima bila kugombana na mteja. Baadaye nikamsikia daktari redioni akisema kipande kidogo cha ile nyeusi kinaweza kusaidia mishipa ya damu na kumchangamsha mtu, ila kidogo tu, siyo kula kama muhogo. Basi nikawa mhubiri. Mteja kaja na uchovu, namwambia chokoleti. Jirani kanuniwa na mkewe, chokoleti. (Ile sehemu ya "kidogo tu" nilikuwa naisahau mara kwa mara.)

Ndipo nikampata Kabula, wa Songwa. Tulipendana, hilo sitalieleza hapa, ila nilimtaka kweli na yeye alinitaka. Tatizo lilikuwa baba yake, Mzee Shija. Mzee ana presha, na ana jambo moja linalojulikana kijiji kizima: hataki mkwilima, yaani mume wa binti yake, mgonjwa mgonjwa. Binti yake mkubwa aliolewa na mtu wa hivyo, akarudi nyumbani mjane na watoto mgongoni, na tangu hapo mzee alishamrudisha mposaji mmoja kwa sababu tu alikohoa wakati wa kula. Kabula aliniambia nije na afya yangu yote.

Baba yangu alishafariki, kwa hiyo msemaji wangu alikuwa baba mdogo, Baba Limi. Asubuhi ile nikamwonyesha chokoleti niliyomnunulia mzee kule Kahama kwa ajili ya presha yake. Akaigeuza geuza, akaniuliza kama tunakwenda kuposa na pipi. Akakataa isiingie kwenye kikapu chenye sukari, majani ya chai na kitenge. Ningeiacha mezani, leo ningekuwa sina cha kusimulia, lakini mimi nikaitia mfuko wa nyuma wa suruali (ya krimu, mpya, imenyooshwa mpaka inakata), nikapanda pikipiki nyuma ya dereva, baba mdogo akatangulia na ya kwake.

Anayelijua jua la Oktoba kati ya Maganzo na Songwa hahitaji maelezo. Kiti cheusi chini, uzito wangu juu, chokoleti katikati. Nilisikia joto, nikadhani ni la kiti.

Kwetu mposaji haingii kwa wakwe kifua mbele. Anainama, anaangalia chini, anasalimia mmoja mmoja. Mimi nilifundishwa vizuri. Nikainama kwa Mzee Shija na wazee wenzake, shikamoo, huku nimewapa mgongo kina mama wa jikoni, halafu nikageuka nikainama kwa kina mama, nikawapa mgongo wazee. Nilihakikisha hakuna aliyekosa kuona. Baba mdogo tu ndiye hakuona, kwa sababu alikuwa ameshakaa anapanga maneno yake.

Mtauliza mbona hakuna aliyeniambia. Kati ya wakwe kuna mambo hayatamkwi, na habari za makalio ya mkwilima ndizo za kwanza.  Nikaketishwa kwenye kiti kilichotandikwa kitambaa cheupe cha kufuma, kazi ya mikono ya mama mkwe mwenyewe, ambaye kwa heshima alikuwa amejificha ndani asionane nami. Nikakikalia vizuri.

Muda si muda shangazi yake Kabula akaja akapiga goti, akasema kwa upole kwamba choo kiko nyuma ya zizi, na maji yameshapelekwa. Nikamshukuru, nikasema sina haja. Akanitazama kwa huruma akaondoka. Zikaletwa soda, baba mdogo akapewa yake, mimi nikaletewa kikombe cha kitu cha kijani. Nilipokionja nikayajua, yalikuwa majani ya mpera yaliyochemshwa, na kila mtu anajua majani ya mpera yanazuia nini. Lakini ukweni hukatai kinywaji, nikanywa mpaka chini, nikaongezewa. Nikawaza labda ndiyo mila ya Songwa.

Baba mdogo alikuwa ameshafika kwenye maneno ya ng'ombe wa mahari, mzee akamsimamisha kwa mkono. Akanigeukia mimi, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, hilo tumbo ni la leo au ni la siku zote?"

Hapo mwenye akili angenyamaza. Mimi niliona mlango wa kuhubiri umefunguliwa. Nikamwambia tumbo langu halina shida kabisa, mzee, siri ni chokoleti, naila kila asubuhi, damu inatembea, moyo unakuwa mwepesi, na hata choo (nilisema hivyo, mbele ya wazee), hata choo kinakuja chenyewe bila kusukumwa. Mzee alikuwa anatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa.

"Na wewe nimekuletea yako ya presha," nikasema, nikapeleka mkono mfuko wa nyuma.

Mkono ulirudi umepakaa. Nikawa nimeunyoosha kwake, unachuruzika, na vipande vya karatasi ya kung'aa vimenata vidoleni. Hapo ndipo nilipoelewa yote kwa pamoja, choo, majani ya mpera, kitambaa cheupe, na nikasikia masikio yanawaka. Nikasema ni chokoleti. Mzee akaendelea kutikisa kichwa. Nikaona njia iliyobaki ya kuthibitisha ni moja, nikalamba kidole.

Shangazi aliinuka akaingia ndani. Baba mdogo alivua kofia akajifunika uso. Mzee Shija akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba Limi, mpeleke mtoto akapumzike. Ya ng'ombe tutaongea siku nyingine." Na kwetu siku nyingine haina tarehe. Niliogopa, nasema kweli. Nilimwona Kabula anapotea kwa sababu ya kitu nilichokuwa nimekikalia.

Kabula hakutakiwa kuonekana siku ile. Alitoka jikoni na vumbi la unga mikononi, akavuka uwanja mbele ya wazee wote, akapiga goti pale nilipo. Akaushika mkono wangu, akachota kwa kidole, akatia mdomoni. 

"Baba," akasema, "ni chungu, halafu tamu."

 Mzee akanyoosha kidole chake, akachota mkononi kwangu kidogo sana, akaonja, akatafuna midomo, akamwambia baba mdogo avae kofia waendelee na ng'ombe.

Kabula ni mke wangu sasa. Mzee anapata kipande chake kimoja kila tunapokwenda (dawa zake za zahanati haachi, nami nimejifunza kusisitiza hilo), na mimi chokoleti bado naila, ila naibeba kwenye kopo, mkononi, na ukweni navaa suruali nyeusi. Mfuko wa nyuma nimeushona kabisa.

Mama mkwe mpaka leo hatujaongea naye ana kwa ana, kwa heshima. Kile kitambaa alikifua, doa halikutoka. Kila nikifika nakikuta kimetandikwa kwenye kiti changu, doa juu.