Mafuta ya Kisu cha Baba

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa moto kwa jirani, huko kwetu Kihesa, mwanamume aliyekwenda kutafuta kazi mbali hakuondoka na kisu chake. Alimwachia mkewe. Watu waliamini kwamba mpini ukikaa mzima, naye ni mzima. Ukiingia ufa, mwenyewe yuko taabuni. Baba alipokwenda kwenye machimbo ya dhahabu Makongolosi, mama alibaki na mimi, na bibi mzaa baba, na kile kisu chenye mpini wa pembe ya ng'ombe.

Kila Jumamosi, nguo za kanisani zikishaanikwa, mama aliupaka mpini mafuta ya kondoo. Aliupangusa, akaupaka tena, mpaka pembe ikang'aa. Mimi niliona wivu, maana magoti yangu hayakupata mafuta ya namna ile.

Kikaja kipupwe, na upepo wa kukausha hata mate mdomoni. Asubuhi moja mama alikishusha kisu ukutani, akakaa chini papo hapo. Ufa ulikuwa umeanzia kwenye chuma hadi katikati ya mpini.

Bibi aliutazama sana.

"Mkamwana, usiuguse," alisema. "Mwanangu anaita. Tutafute mtu aende."

"Nani, mama? Wanaume wote wako huko huko, ama kwenye mkonge."

"Basi tungoje apatikane. Ukiuziba, umemziba mdomo."

Mama alichemsha maji huku analia. Aliuloweka mpini kwenye maji ya vuguvugu hata pembe ikalainika, akaubana kwa kamba mpaka ufa ukafumba, akauacha kivulini ukauke polepole. Kisha akayeyusha nta ya nyuki, akaipenyeza, akauzungushia ukano wa ng'ombe uliolowekwa, ambao ukikauka hubana wenyewe. Mwisho, mafuta. Siku zote hizo bibi alikula kwa shida, akimpa mama mgongo.

Mpini ukapona. Mama akaanza kuimba tena shambani, nami nikaamini kuwa baba naye amepona, popote alipo.

Mvua za kwanza zilipoanza, alirudi jirani yetu aliyekwenda pamoja na baba. Alivua kofia mlangoni, akatusalimu "Kamwene," asiingie ndani.

"Shimo lilimwangukia, shemeji. Tulimzika huko huko. Tulimpa mtu habari awaletee, kumbe hakufika."

"Lini?" bibi aliuliza.

"Pasaka ilikuwa haijafika, mama."

Wakati wa Pasaka mpini ulikuwa mzima, unang'aa. Bibi alikichukua kisu, akakigeuza geuza mkononi. "Hakikusema kitu," alisema, akamvuta mama kifuani, wakalia pamoja.

Sasa mimi ni mzee, na najua pembe hupasuka kwa ukavu, wala haina habari za mtu. Wanangu husema bibi yao, yaani mama yangu, alidanganywa na kisu. Labda. Bado inaniuma kwamba ujane wake wote ulimwangukia siku moja, pale mlangoni. Lakini simwonei huruma kwa yale mafuta. Miezi ile yote baba alikuwa kaburini Makongolosi, na mama alikuwa bado ana mume.